Dirisha la Sidi

Sauti ya Mzee Mwarandu haikuhitaji spika. Alipoita fundi ndani ya karakana ya Mikono Yetu, pale Bombolulu, mama wa mahamri ng'ambo ya barabara aliinua kichwa, na mpita njia akajiuliza amekosa nini. Mafundi wa cherehani walikuwa wanane, karibu wote na ulemavu wa namna moja au nyingine, na Mzee mwenyewe, msimamizi wao, alitembea kwa magongo mawili. Akiita, waliitika, wakaja kuchukua vitambaa vilivyokatwa, wakarudi kushona. Lakini watatu kati ya wanane hao walikuwa viziwi, na kwa hao sauti yote ile haikuwa na faida zaidi ya feni ya dari siku stima imepotea.

Mmoja wa hao watatu alikuwa Sidi. Ili kumwita Sidi, Mzee Mwarandu aliviringisha vitambaa chakavu vikawa donge, akamtupia begani. Hakuwa mtu mbaya, jamani, tusimsingizie. Ndivyo alivyozoea, na shabaha yake ilikuwa nzuri. Sidi naye alizoea, miaka ishirini na mmoja sasa. Aliyeshindwa kuzoea ni Kafedha, binti yake.

Kafedha alikuwa na miaka ishirini na sita na aliandika programu za kompyuta katika ofisi moja ya mizigo kule Changamwe. Si programu za simu. Zake zilikuwa zile za kompyuta ya mezani, zenye madirisha yanayofunguka na kufungwa, fremu na vitufe, ambazo wenzake walimcheka nazo wakisema ni kazi ya wazee. Yeye alizipenda. Alipenda kuliambia dirisha ukae hapa, uwe na upana huu, ukibonyezwa hapo umwite mwenzako, nalo likatii bila kubishana. Na kwa muda mrefu alikuwa na hamu moja tu iliyomkereketa: siku moja mama yake aitwe kama watu wanavyoitwa, bila kutupiwa kitu.

Basi alipopata likizo ya wiki moja, hakwenda popote. Alimfuata mama yake kazini kutoka chumba chao cha kupanga Ziwa la Ng'ombe, akiwa na kompyuta mkobani. Karakana ilikuwa na runinga kubwa ambayo hoteli moja ya Nyali iliitupa ilipoleta mpya. Kafedha aliitundika juu ya ukuta wa mbele, ambapo mafundi wote waliweza kuiona kwa kugeuza shingo tu, akaiunganisha kwa waya na kompyuta iliyokuwa kando ya meza ya kukatia.

"Shikamoo, Mzee," alisema. "Nimemaliza."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nieleze. Polepole, mimi si mtu wa mashine."

Alimweleza. Chrispine, mkataji, akimaliza kukata vitambaa vya fundi fulani, ataandika jina na kazi. Hapo dirisha litafunguka ukutani lenye jina la fundi kwa herufi kubwa, naye ataliona na kuja. Akishachukua kazi yake, Chrispine analifunga.

Mzee Mwarandu aliitazama runinga, akawatazama mafundi, akajikuna kidevu. Jumamosi saa sita mchana kwaya moja ya Changamwe ilikuwa inakuja kuchukua majoho arobaini, na hayakuwa yamefika hata nusu. "Nakupa wiki hii," alisema. "Lakini majoho haya yakichelewa kwa sababu ya madirisha yako, nayang'oa yote, narudia sauti yangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mzee."

Jumatatu ilikuwa vurugu, vurugu ya kuchekesha. Chrispine, kijana wa kutoka Busia mwenye mguu mmoja na maneno ya miguu minne, alifunga dirisha la fundi mmoja na madirisha yote yakazimika pamoja, programu ikafa kabisa. "Manze Kafedha, nimeua mtambo!" alipiga kelele, mikono kichwani. Hakuwa ameua kitu. Kafedha ndiye aliyesahau kuiambia programu kwamba dirisha dogo likifungwa, dirisha kuu lisijali. Alisahihisha mistari miwili kabla chai haijapoa. Kufikia jioni madirisha yalifunguka na kufungwa vizuri, ila yalijitupa ovyo ukutani, moja huku, jingine kule, moja limejificha nusu nje ya ukingo. Dirisha lisipoambiwa mahali pa kukaa, hukaa linapotaka.

Kafedha hakupenda ovyo. Jumanne asubuhi aliandika mistari ambayo aliionea fahari kuliko yote: programu ipime upana na kimo cha skrini, ipime na dirisha, itoe, igawanye kwa mbili. Tangu hapo kila dirisha lilifunguka katikati kabisa ya ukuta, limenyooka, zuri kama picha ya harusi. Alisimama chini ya runinga akiwatazama mafundi, akingoja.

Chrispine alikata mikono ya majoho sita, akaandika. Dirisha likafunguka katikati: SIDI.

Sidi hakusoma shule, lakini jina lake alilijua kwa sura. Aliinua macho, akaliona. Kafedha aliona mama yake akiliona, akamwonyesha kidole gumba juu huku meno yote nje. Hakuna donge lililotupwa. Hakuna aliyeguswa. Mama yake alikuwa ameitwa.

Ila Sidi hakutabasamu. Uso wake ulimshuka pole pole. Alimtazama binti yake, akaitazama runinga tena, kisha akainamisha kichwa. Hakuja kuchukua mikono ile. Badala yake alivuta majoho aliyoyamaliza asubuhi hiyo, akakagua la kwanza, akachukua kiwembe.

Kafedha alidhani anakata nyuzi zilizobaki. Akageuka, akaendelea kumsaidia Chrispine, ambaye hakukawia kumwita Ngowa, kiziwi wa pili, kisha yule wa tatu. Madirisha yalifunguka katikati, moja juu ya jingine, yamepangika kama sahani. Wale wasikiao walisoma majina, wakaja kuchukua kazi zao wakicheka. Kafedha alijisikia kama anaelea.

Saa nne, Mzee Mwarandu alipita kati ya cherehani akihesabu. Alifika kwa Sidi, akasimama. Akatazama chini. Kisha sauti ile ikatoka yote.

"Nyinyi mna wazimu? Kwani mnafumua nini?"

Miguuni pa Sidi kulikuwa na kola tano zimeng'olewa. Kwa Ngowa, nne. Kwa mwenzao, mbili. Majoho kumi na moja mazima, yaliyokwisha kushonwa, yamefumuliwa mshono kwa mshono na watu wasiojua kwa nini wanayafumua, ila walijua wameambiwa.

Kafedha alimkimbilia mama yake. Walizungumza kwa mikono tangu Kafedha hajajua kutembea, na ishara za Sidi siku zote zilikuwa pana, za mtu asiyeogopa kuchukua nafasi. Sasa zilikuwa ndogo, karibu na kifua.

"Kwa nini unafumua, Mama?"

"Umeniweka katikati."

"Katikati wapi?"

Sidi alielekeza kidole, si kwenye runinga, bali kwenye meza.

Ndipo Kafedha alipoitazama meza ya kukatia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na alikuwa amekuja karakana ile mara zisizo na idadi. Ilikuwa ndefu, imezungukwa na cherehani, nne kushoto na nne kulia. Vitambaa vilivyokatwa viliwekwa kwenye ukingo wa meza, kila furushi mbele ya fundi wake. Kilichokuwa ukingoni kwako ni kazi yako. Na katikati ya meza, peke yake, kulikuwa na suruali moja ya shule iliyoshonwa zipu upande usio wake.

"Katikati ni pa kazi iliyoharibika," Chrispine alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba anamwambia jambo ambalo kila mtu amezaliwa nalo. "Ikikaa hapo, mwenyewe anairudia. Hatuambiani. Ni aibu kuambiana."

Sidi bado alikuwa anaongea kwa mikono. "Miaka ishirini na mmoja sijawekwa katikati hata mara moja. Hata moja. Nilikagua joho zima sikuona kosa. Nikasema, mashine ya mwanangu imeona nilichoshindwa kukiona mimi. Na wewe ulinionyesha kidole gumba. Nikasema, basi ni kweli, hata mwanangu ameridhika nifumue."

Kafedha alilia hapo hapo, mbele ya watu wote, bila kujificha. Lilimuuma. Alikuwa ametaka mama yake aitwe kwa heshima, akamwita kwa aibu, tena kwa herufi kubwa, tena ukutani. Alirudia ishara moja tu, ngumi ikizunguka kifuani: nisamehe, nisamehe. Sidi alimtazama, akaitazama kola mkononi mwake, na alipoelewa kwamba kola ile haikuwa na kosa lolote, wala ya pili, wala ya tano, jambo la ajabu likatokea. Alianza kucheka. Kicheko cha Sidi hakikuwa na breki, maana hakuwahi kukisikia. Ngowa alimuuliza kwa mikono kuna nini, akaambiwa, naye akaangua. Hata Mzee Mwarandu, aliyekuwa ameshafungua kinywa kusema kuhusu Jumamosi, alikifunga kwa kukosa mtu wa kumsikiliza.

Alikifungua tena baadaye, bila shaka. "Majoho kumi na moja, Kafedha. Kesho asubuhi nataka kuona ukuta wenye akili, au nautaka mtupu."

Saa ya chakula Kafedha hakula. Alichukua karatasi, akasimama chini ya runinga akiwakabili mafundi, akachora meza na viti vinane. Mpango ulikuwa rahisi sasa: dirisha la kila fundi lifunguke ukingoni mwa skrini, mahali pale pale kazi yake inapowekwa ukingoni mwa meza. Katikati pabaki patupu. Kompyuta hupima mahali kwa nambari mbili tu, hatua ngapi kutoka ukingo wa kushoto na hatua ngapi kutoka juu, kwa hiyo alihitaji kujua nani yuko kushoto na nani kulia. Sidi upande huu, Ngowa upande ule. Aliandika nambari kumi na sita.

Sidi alikuja na kipande cha muhogo, akamtia binti yake mdomoni, akachungulia karatasi. Akatikisa kichwa. Alimshika Kafedha mabega, akamzungusha mpaka akautazama ukuta na kuwapa mafundi mgongo. Kisha akachukua kitambaa kutoka mezani, akakishika pembe mbili za upande wa mbali, akakiinua taratibu mpaka kikasimama wima mbele ya runinga. Meza ilikuwa imesimama. Aliyekuwa mwisho wa mbali alikuwa juu. Aliyekuwa karibu alikuwa chini. Na Sidi, ambaye kwenye karatasi ya Kafedha alikuwa kushoto, alikuwa kulia, kama alivyokuwa siku zote kwa kila mtu aliyeketi akautazama ukuta ule.

"Uliwachora kama inavyowaona runinga," Sidi alimwambia kwa mikono. "Runinga haishoni."

Kafedha alimbusu mama yake shavuni na muhogo bado mdomoni, akazigeuza zile nambari.

Jumatano asubuhi, Chrispine alikata, akaandika. Dirisha likafunguka kulia, chini kidogo ya nusu. Kabla Kafedha hajasoma jina, Sidi alishasimama. Hakuwa amesoma jina yeye pia. Alikuwa ameona mahali. Alikuja mezani na tabasamu la upande mmoja, akachukua furushi lake, akampiga Chrispine kofi la mgongo lililomyumbisha kwenye gongo lake. Likafuata dirisha la juu kushoto na Ngowa akawa ameshafika. Hata wale wasikiao waliacha kusoma. Ukutani kulikuwa na meza, na kila mtu alikijua kiti chake.

Ilikuwa furaha kuwatazama. Kufikia adhuhuri kola kumi na moja zilikuwa zimerudi shingoni mwa majoho, na karakana ilikimbia namna ambayo Mzee Mwarandu alikiri, kwa taabu, kwamba hakuwahi kuiona. Yeye mwenyewe alibaki hana kazi ya kupiga kelele. Alizunguka zunguka, akasafisha miwani mara tatu, akamwita Chrispine bila sababu yoyote ili asikie tu kama sauti ingalipo.

"Unaumwa, Mzee?" Chrispine alimuuliza.

"Hebu kata vitambaa wewe."

Alhamisi, majoho yalipofika thelathini na nne, Kafedha aliketi kando ya cherehani ya mama yake, amejaa raha ya mtu aliyemaliza. Alichokitaka amekipata. Akauliza kwa mikono, akijua jibu: "Umeridhika?"

Sidi alisimamisha mguu kwenye kanyagio. Alifikiri.

"Nusu," alijibu.

"Nusu? Kwa nini?"

"Mzee ananiita, nakwenda. Vizuri. Na mimi nikimtaka yeye?"

Kafedha alimgeukia mzima mzima.

"Uzi ukiisha nanyanyuka," Sidi aliendelea, na ishara zake zilikuwa zimerudia upana wao. "Kitambaa kikikatwa vibaya nanyanyuka. Namfuata, nasimama nyuma yake. Anaongea na huyu, anaongea na yule. Nangoja ageuke. Siku nyingine nangoja mpaka nasahau nilichojia. Wenzangu hupiga kelele tu, 'Mzee!' Mimi nangoja mgongo. Miaka yote hiyo umeona ninavyoitwa, ukaumia. Ninavyongoja hukuona?"

Hapakuwa na lawama usoni mwake. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Lakini Kafedha alijisikia mdogo, kisha papo hapo akajisikia amepata kazi, na kwa mtu wa kazi yake hisia hizo mbili hazikai mbali.

"Lipo dirisha la namna hiyo," alimwambia. "Likifunguka, linakaa juu ya yote. Mengine yote yanaganda. Huwezi kuandika, huwezi kubonyeza, huwezi kufanya lolote mpaka ulijibu hilo. Ila tulifundishwa tusilitumie ovyo, Mama. Wanasema halina adabu."

"Hilo hilo," Sidi alisema.

Kesho yake, Ijumaa, Kafedha alifunga kitufe kimoja kwenye kila cherehani ya kiziwi, chini ya mkono wa kulia, na nyaya akazipitisha chini ya meza. Hakumwambia Mzee Mwarandu. Alitaka kumwambia; mama yake ndiye aliyemkataza.

Saa tano hivi, yakiwa yamebaki majoho mawili, Sidi alishika joho la mwisho kwake, akalipindua, akapima mkono mmoja na mwingine. Mmoja ulizidi kwa upana wa vidole viwili. Mstari wa chaki uliochorwa juu yake ulikuwa wa Mzee mwenyewe; kosa lilikuwa lake. Sidi alimtafuta kwa macho. Alikuwa mwisho wa pili wa karakana, amempa mgongo, anamweleza Ngowa jambo kwa kupunga gongo hewani. Sidi aliuweka mkono wake juu ya kitufe. Alimtazama Kafedha mara moja. Akabonyeza.

Ukutani madirisha yote yalififia. Juu ya kufifia huko likafunguka moja, pana, jekundu ukingoni, pale pale upande wa kulia, mahali pa Sidi: SIDI ANAITA.

Chrispine alikuwa katikati ya kuandika. Alibonyeza tena, akabonyeza kwa nguvu, akaitikisa kibodi. "Mzee, imegoma! Haitaki kitu!"

Mzee Mwarandu aligeuka. Aliisoma runinga. Aliisoma mara ya pili, midomo ikitembea. Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine, mpaka ukasikika mlio wa mafuta ya mahamri yakichemka ng'ambo ya barabara. Alimtazama Kafedha, kana kwamba yeye ndiye wa kulijibu. Kafedha aliikunja mikono yake yote miwili kwapani, asije akaitumia kujibu yeye.

Mzee alipanga magongo yake, akaanza kuja. Ilikuwa safari ya meza nzima, na hakuiharakisha. Alipita cherehani ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazunguka ili asimjie Sidi kwa nyuma, akasimama mbele yake mahali ambapo uso wake ulionekana wote.

"Naam, Sidi," alisema.

Kisha, kwa kuwa alijua hajasikika, aliegemeza gongo moja kwenye meza, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

Sidi hakuinua uso mara moja. Akimngoja, alikuwa ameanza pindo la chini la joho lile, nalo lilikuwa bado chini ya sindano. Alilimaliza kwanza, taratibu, mpaka mwisho wa mshono, na Mzee Mwarandu akangoja.